Neno Alilolipunguza Mkata Nyasi wa Mghalu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jamaldin Aidarus anakokota gunia juu ya mchanga. Anarudi kinyumenyume, hatua fupi fupi, akikizunguka kishimo chenye bendera nyekundu, na kila anapopita mchanga unabaki laini kama unga uliochungwa. Nyuma yake bahari inagonga miamba. Joto la kaskazi limekwisha kuamka, na shati lake limegandana na mgongo kabla ya jua kupanda.

Huu ni uwanja wa gofu wa Wazungu, ukingoni mwa kisiwa cha Mombasa, njia ya kwendea Feri. Nyasi laini za kuzunguka vishimo hazipatani na chumvi ya pwani, kwa hivyo hapa hutumika mchanga uliochanganywa na mafuta mazito. Ni kazi ya Jamaldin kuusawazisha kila asubuhi, na mchezaji akishapita huusawazisha tena.

"Huu ni mchanga," anasema, akinyoosha mgongo. "Mimi ni fundi wa nyasi. Ni kama mpishi wa pilau kuambiwa akaange bisi."

Ana umri wa miaka arobaini na minane. Ni mrefu, mkavu, mwenye viganja vipana vilivyopasuka, na kofia yake nyeupe ameshonewa na mkewe. Tangu mshahara uongezwe baada ya mgomo wa mwaka jana, anapata shilingi arobaini na nane kwa mwezi. Wenzake kazini wanamjua kuwa mtu mpole asiyependa maneno mengi. Wanajua pia kwamba kabla ya vita alikuwa mnyapara wa nyasi katika hoteli kubwa ya milimani huko Taita, na kwamba akiulizwa habari za hoteli hiyo huinuka akaenda kutafuta kazi ya kufanya.

Mwezi huu wa Februari amekubali kuulizwa na mwandishi wa habari hizi. Alitoa sharti moja tu, kwamba jina lake liandikwe kamili, na jina la baba yake.

Jamaldin alizaliwa mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, katika nyumba ambayo kila mwanamume alikuwa seremala. Baba yake, fundi Aidarus, alikuwa mchonga milango. Mwaka 1922 alikuja Mzungu mmoja mwenye masharubu mekundu akamtaka fundi huyo apande naye milimani, akachonge milango na madirisha ya hoteli ambayo haijapata kuonekana katika nchi hii. Mzungu huyo alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akitembea, na watu wakamwita Bwana Mluzi. Fundi Aidarus alikwenda na mafundi wanne, na mwanawe Jamaldin akiwa wa tano.

Walipanda gari la moshi mpaka Voi, kisha wakapanda milima kwa miguu siku mbili, mbao zikiwafuata kwa magari ya ng'ombe. Jamaldin, ambaye alikuwa hajapata kusikia baridi maishani mwake, alidhani anaumwa. Mahali penyewe paliitwa Mghalu. Ukungu ulikuwa ukiingia asubuhi mpaka mlangoni, na jua likishautoa, unaona nyika yote ya chini imelala kama mkeka.

Hoteli ilijengwa kwa mawe ya mlima wenyewe. Ilikuwa na vyumba arobaini na viwili, na kila chumba kilikuwa na meko ya kuotea moto. Ukumbi wa kuchezea dansi ulitandikwa sakafu ya mbao iliyong'arishwa mpaka wanawake wakanyanyua mavazi yao wakidhani ni maji. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa kazi ya fundi Aidarus. Aliuchonga miezi saba, maua na minyororo kama milango ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, na Wazungu walipofika walisimama kuupapasa kabla ya kuingia.

"Kaskazi ikishika, Mombasa ya Wazungu yahamia Mghalu," Jamaldin anakumbuka. "Watu wa meli, watu wa benki, wake zao, mbwa wao. Januari mpaka Machi hupati chumba. Palikuwa na bendi ya Wagoa ikipiga kila Jumamosi. Palikuwa na matunda ya Ulaya, mekundu, madogo, yakiliwa na maziwa. Watu waliokuwa hapa wakitukana joto, kule walikuwa wakicheka siku kutwa."

Na palikuwa na uwanja wa gofu.

Uwanja huo, wenye vishimo tisa, ulikuwa bondeni, chini ya ukumbi wa hoteli. Mbegu za nyasi zilikuja kwa meli katika makopo yaliyofungwa kwa lakiri, zikapitia Kilindini, na Jamaldin ndiye aliyetumwa kuzipokea. Mashine ya kukatia nyasi ilivutwa na punda wawili, na ili kwato zisitoboe nyasi, punda walivishwa viatu vya ngozi. Viatu hivyo vilishonwa hapa Mji wa Kale na fundi viatu aliyetaka kwanza aapiwe kwamba hafanyiwi mzaha.

Jamaldin aliacha useremala akashika nyasi. Alijifunza kuzikata, kuzinywesha na kuzitibu zikiugua. Alizijua, anasema, kama mtu ajuavyo nywele za mwanawe. Alipewa nyumba ya mawe ya vyumba viwili, posho ya chakula, na mshahara uliofika shilingi sabini, fedha ambazo makarani wengi wa mjini hawakuzipata siku hizo. Alikuwa na watu kumi na wanane chini yake. Mkewe Mahfudha, aliyebaki Kibokoni kwa sababu kifua chake hakikuweza baridi, alibadilisha makuti ya nyumba yao kwa mabati. Binti yao wa pekee, Mwanakuu, aliozwa kwa harusi ya siku saba.

Akifika hapo Jamaldin anasema jambo ambalo kwa miaka mingi hakulisema hata kwa mkewe.

"Lile bonde halikuwa tupu."

Palikuwa na mashamba ya watu. Nyumba sita zilikuwa zikilima pale migomba, miwa na majimbi, kwa maji ya mfereji uliochimbwa na babu zao. Shamba la katikati, penye kinywa cha mfereji, lilikuwa la mjane aliyeitwa Mghoi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Hao wengine walikuwa wakimtazama yeye. Akikubali neno, wamekubali. Akikataa, hakuna mfereji na hakuna shamba.

Jamaldin alikuwa amekaa Mghalu mwaka mzima na miezi kadhaa. Alikuwa kijana, sikio lake jepesi, na Kitaita kilimwingia upesi. Baba yake alimtania kwamba anaota kwa lugha ya watu. Kwa hivyo Bwana Mluzi alipotaka bonde, alimwita yeye awe mkalimani.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Agosti, mwaka 1923. Meza iliwekwa nje, karatasi juu ya meza, na kidau cha wino. Wenye mashamba walikaa chini. Bwana Mluzi alimweleza Jamaldin kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba kila nyumba itapata mbuzi wawili, blanketi na mfuko wa chumvi, na kwamba bonde litakuwa la hoteli kwa miaka tisini na tisa. Jamaldin alimuuliza awaambieje watu jambo kama hilo. Bwana Mluzi akamjibu awaambie vyovyote, mradi watie dole gumba kabla ya mvua. Akaongeza kwamba uwanja ukianza mwaka ule, Jamaldin ndiye atakayekuwa mkubwa wa watu wa nyasi, na baba yake atapewa milango yote iliyobaki.

Jamaldin aliwatajia mbuzi, blanketi na chumvi. Aliyeuliza neno alikuwa Mghoi peke yake.

"Akaniuliza, 'Kwa miaka mingapi?' Nikamtazama. Nalijua hesabu ya kwenye karatasi, naye alikuwa haijui. Nikamwambia, 'Tisa.'"

Mghoi alihesabu kwa vidole vyake, taratibu. Akasema mwanawe wa mwisho atakuwa na miaka kumi na mmoja, wakati mzuri wa kuanza kumfunza kulima. Kisha akainuka, akatia dole gumba, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Kwa nini alisema tisa? Jamaldin amejiuliza swali hilo kwa miaka ishirini na mitano. Zamani alikuwa akijijibu kwamba miaka tisini na tisa ni neno tu, kwani nani angekuwapo kuuliza? Alijijibu pia kwamba alimwogopa Bwana Mluzi. Siku hizi hajipi sababu hizo.

"Nalitaka kazi," anasema. "Sikupigwa, sikutishwa. Nalitaka niitwe mkubwa."

Mvua za vuli zilikuta migomba imeshang'olewa. Kufika mwaka 1925 nyasi zilikuwa zimeshika bonde zima, na kishimo cha saba, kilichokuwa palepale pa shamba la Mghoi, kikawa kinasifiwa kuliko vyote kwa sababu ardhi yake ilikuwa nzuri na maji hayakuwa mbali. Mghoi na wenziwe walihamia juu, mteremkoni, kwenye udongo wa mawe. Alipokutana na Jamaldin njiani alimwita mwanangu, akamuuliza habari za mama yake kule Mombasa.

Miaka ilikwenda. Kombe la fedha lilishindaniwa kila Februari. Fundi Aidarus alimaliza milango yake akarudi pwani, akafa mwaka 1930 akiisifu Mghalu. Jamaldin alikuwa hazihesabu siku. Mghoi alikuwa akizihesabu.

Mwezi wa Agosti mwaka 1932, asubuhi, wageni wanne walipokuwa wakicheza kishimo cha saba, Mghoi alishuka bondeni na jembe begani. Nyuma yake walikuja mabinti zake wawili na mwanawe wa kiume. Alisimama katikati ya nyasi, akalitua jembe kwa upole ili lisichubue, akangoja. Wageni waliacha kucheza. Bwana Mluzi aliteremka mbio kutoka hotelini, na Jamaldin akaitwa.

"Mwanangu," Mghoi alimwambia, "miaka tisa imetimia. Nimekuja."

Bwana Mluzi alitaka kujua mwanamke yule anasema nini. Jamaldin anasema pale ndipo Mungu alipompa nafasi ya pili, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, naye hakuitumia. Alimwambia Bwana Mluzi kwamba mama huyu anaomba kazi. Bwana Mluzi akafurahi kuona kwamba ni jambo jepesi kama hilo, akasema apewe kazi ya kung'oa magugu. Jamaldin akamgeukia Mghoi, akamwambia kwa Kitaita kwamba Mzungu anamwomba angoje kidogo, na kwamba akiwa anangoja atalipwa kwa kulitunza shamba lake.

Mghoi aliangalia nyasi, akamwangalia na Jamaldin. Alisema kungoja si kugumu kwa mtu aliyekwisha kungoja. Alirudisha jembe nyumbani.

Kwa miaka minane mama yule alipiga magoti juu ya kishimo cha saba, aking'oa magugu kwa kisu kidogo, katika shamba lake mwenyewe, kwa senti thelathini kwa siku. Msimamizi wake alikuwa Jamaldin. Kila alipopita karibu naye, mama alimuuliza kama kuna neno kutoka kwa Mzungu, naye alimwambia bado. Baadaye mama aliacha kuuliza kwa mdomo, akawa anainua uso tu.

"Wageni walikuwa wakinisifu," anasema Jamaldin. "Wasema hakuna nyasi kama za kishimo cha saba, hata kwao. Mimi nainamisha kichwa, nasema ahsante. Na yeye yuko pale chini, mkono wangu waweza kumgusa."

Vita vilipoingia, hoteli ilichukuliwa na jeshi. Bendi iliondoka, na vyumba arobaini na viwili vikajaa askari waliotoka kupigana na Mtaliani, wengine wenye majeraha na wengine wenye homa. Bwana Mluzi, ambaye alikuwa amekwisha kuzeeka, alikwenda Afrika Kusini na hakurudi. Mwaka 1941 jeshi lilihitaji mboga. Ikaja amri kwamba uwanja wote ulimwe, upandwe viazi na kabichi.

Trekta ilianzia kishimo cha kwanza. Jamaldin, aliyezilea nyasi zile miaka kumi na minane, alisimama pembeni akiona zikipinduliwa, mizizi juu. Anasema machozi yalimtoka, na kwamba anaona haya kukumbuka kuwa aliyalia majani. Kwani trekta ilipofika kishimo cha saba, alimwona Mghoi anateremka mteremko akicheka. Hakuwa amewahi kumwona akicheka kwa sauti. Kichwani alikuwa na machipukizi ya migomba, yamefungwa kwa kamba, na binti yake Rispah alimfuata na mzigo mwingine.

Aliona udongo mweusi umefunuliwa, akajua kwamba siku yake imefika.

Askari wa zamu aliwazuia. Mama alimwelekeza yule askari kwa kidole, huku anacheka bado, kwamba amuulize yule pale, yule anayemwita mwanangu, yeye anajua kila kitu. Jamaldin alikwenda. Alimshika mkono akampeleka kando, chini ya ukuta wa mawe, na hapo akamwambia. Alimwambia karatasi ilisema tisini na tisa. Alimwambia Mzungu hakupata kumwomba angoje, kwa sababu Mzungu hakuambiwa yeye Mghoi anachotaka.

Mghoi alitua machipukizi yake chini.

"Siku ile ya dole gumba," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nalijua, mama."

Hakumlaani. Jamaldin anasema alikuwa amejitayarisha kwa laana, na ingekuja angeipokea kama dawa. Mama alikaa kitako, akayapanga machipukizi yake upya, moja moja, akayafunga, akajitwika. Kisha akamwambia maneno mawili tu, kwamba arudi kwao.

Alirudi. Mwanzoni mwa mwaka 1942 alishuka Mombasa akiwa na sanduku moja, akamwambia Mahfudha kwamba jeshi limewaachisha kazi. Alibeba magunia katika maghala ya Shimanzi mpaka mgongo ukakataa, akafyeka kando za barabara, mwisho akapata nafasi hii ya mchanga. Habari za Mghalu zilimfikia kwa vipande. Jeshi liliondoka vita vilipokwisha. Sakafu ya ukumbi iling'olewa ikawa kuni. Mabati yaliuzwa, mawe yakaanza kuanguka, na mlango wa fundi Aidarus, kazi ya miezi saba, hakuna ajuaye ulipokwenda. Bondeni kumeota vichaka. Wachache wanaokwenda kule husema huwezi kujua palipokuwa nyasi na palipokuwa viazi.

Desemba iliyopita, mwanamke mmoja alimjia uwanjani, akasimama kando ya mchanga akingoja amalize kukokota gunia. Alikuwa Rispah. Mumewe, Barnabas, ni mfanyakazi wa reli, na wanakaa chumba kimoja Majengo. Alimtafuta Jamaldin wiki tatu, akiuliza mtaa kwa mtaa Mji wa Kale.

Rispah, ambaye mwandishi alizungumza naye nyumbani kwake, anasema hakwenda kwa ugomvi. Kampuni iliyoachiwa mali ya hoteli inataka kuliuza bonde kwa mtu wa kupanda miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi. Kabla ya kuuzwa, afisa wa serikali atasikiliza wenye madai, Alhamisi tarehe 18 Machi, hukohuko milimani. Nyumba zote sita zimepeleka dai. Wote wanasema waliambiwa miaka tisa. Lakini karatasi inasema tisini na tisa, na waliokuwa mezani siku ile wamekufa au wamekwenda ng'ambo. Aliyebaki ni mmoja.

"Nilimwambia, 'Baba, mama angali hai,'" Rispah anaeleza. "'Macho yamekwisha, lakini masikio yapo. Watu wanamwambia ameota hiyo tisa. Hata wajukuu wanamwambia. Sitaki chochote kwako ila uje useme kwamba hakuota.'"

Jamaldin alimwomba muda, na Rispah, kama mama yake, akampa.

Wiki mbili hakula vizuri. Alijua kwamba akisema ukweli atakuwa amekiri kuwa alitafsiri uongo mbele ya karatasi ya serikali, na kwamba watu wamefungwa kwa madogo kuliko hayo. Alijua pia kazi yake ni ya kutegemea Wazungu, na Wazungu hupeana habari. Alikwenda kwa mwalimu wa madrasa wa mtaani kwao, Maalim Abdulghafur, akamuuliza kama toba yake ya miaka yote, sala na saumu, haitoshi. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia Mungu husamehe haki iliyo yake, lakini haki ya mja imo mkononi mwa mja, na yeye mja wake amekaa milimani, hajamwendea.

Usiku wa Ijumaa alimweleza Mahfudha. Mahfudha ni mwanamke mnene wa maneno machache, anayeshona kofia na kuziuza kwa watu wa Lamu. Mwandishi alimkuta na kofia mapajani, na aliendelea kuishona akizungumza. Anasema jambo la kwanza alilofanya aliposikia ni kuangalia juu, kwenye mabati.

"Nalikuwa najisifu kwa mabati haya," anasema. "Mtaa mzima wajua. Naliwaambia watu, mume wangu ni mkubwa huko."

Alikasirika siku tatu, na hakukasirikia neno la mwaka 1923. Alimkasirikia kwa ile miaka minane ya kumpita mama yule amepiga magoti. Siku ya nne alimtilia chai, akakaa mbele yake. Jamaldin alimwambia anaogopa kufungwa, na kwamba yeye Mahfudha atabaki na nani. Mkewe akamjibu kwa maneno ambayo Jamaldin anayarudia neno kwa neno.

"Baba Mwanakuu, ukifungwa utafunguliwa. Yule mama akifa kabla hujenda, hakuna atakayekufungua."

Asubuhi yake alikwenda Majengo kwa miguu kumwambia Rispah kwamba atakuja.

Hana matumaini makubwa juu ya bonde lenyewe. Karani mmoja wa wakili, aliyeulizwa na Barnabas, alisema karatasi ni karatasi, na ushahidi wa mkata nyasi hauwezi kufuta wino. Huenda afisa akaandika maneno yake na kuyafungia katika faili. Huenda miwati ikapandwa mvua hizihizi. Rispah anayajua yote hayo. Jamaldin pia anayajua, na hasemi vingine.

"Kama wangenirudisha siku ile," anasema, "na meza, na wino, na yule mama chini, ningesema tisini na tisa. Wangekataa. Pengine wangelazimishwa. Lakini wangejua wanalazimishwa. Mimi naliwanyima hata kukataa."

Ameomba ruhusa ya siku tano kazini, amepewa nne. Atapanda gari la moshi la jioni Jumanne tarehe 16 Machi pamoja na Rispah, washuke Voi, na kutoka hapo kuna lori la kupanda milima siku hizi. Mahfudha amemshonea kanzu mpya. Jamaldin alimwambia asihangaike, maana haendi kusali Idi. Mahfudha aliishona tu.

Ametuma salamu mbele. Rispah alimwandikia ndugu yake, ndugu akamsomea mama. Jibu lililorudi lilikuwa fupi, kwamba mama amesikia. Hakusema asije, na hakusema aje.

Jamaldin amekwisha kupanga atakavyosema. Afisa atataka Kiingereza, na atakuwa na mkalimani wake. Watu wa kampuni watataka Kiswahili. Watangoja, anasema, wote wawili.

"Nitamtafuta alipokaa, nisimame karibu naye. Nitasema kwanza kwa Kitaita, taratibu, aelewe kila neno. Safari hii asikie yeye kabla ya mtu yeyote."